Kimekukera Nini?

Ukilalamika karibu na yule mwanafunzi wa biashara wa chumba cha kona, umempa zawadi. Mwenzake wa chumba, anayesomea uuguzi, alilijua hilo tangu wiki ya kwanza. Ukiguna tu "Aa, hii nayo!" macho yanamtoka huyo wa biashara, kalamu inachomolewa kwenye nywele, na swali linakuja kwa sauti ya chini, kama ya daktari kwa mgonjwa: "Kimekukera nini, dada?" Daftari likiwa mbali huandika kiganjani, na kiganja chake hakikauki wino. Hapo kiganjani ndipo ilipozaliwa biashara yake ya kwanza: kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, alichokikata na kukishona mwenyewe, cha kuvisha mshikio wa ndoo usikate vidole. Vinne vya mwanzo vilichanika njiani.

Siku ya jaribio la tano, muuguzi mtarajiwa alipanda ghorofa nne na ndoo iliyojaa pomoni. Juu alimkuta mwenzake akimsubiri, akihema kumshinda yeye aliyebeba.

"Kimekukera nini?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

Akamkamata mkono, akaugeuza, akautafuta ule mstari mwekundu ambao mshikio huuacha vidoleni kila siku. Haukuwepo. Basi akapiga kigelegele, akaruka, akaipamia ndoo, na maji yote yakateremka ngazi.

"Wewe mwehu!" mwenzake alifoka, viatu vikichuruzika maji. "Na ndoo yenyewe haina hata kifuniko!"

Kalamu ilikwisha kuchomolewa. "Haina nini, dada? Rudia polepole."