Punda wa Mama Nyambura

Nakumbuka siku niliposhuka kwenye gari la moshi pale Njoro, kijana mwenye vumbi la Kitui mpaka kwenye kope. Nilikuja kuvuna ngano kwenye shamba la mzungu, nikakaa miaka. Mwanangu, hapo ndipo lilipoanza swali ambalo nimetembea nalo hadi leo: kuna faida gani mahali pamoja kuwa na sheria nyingi?

Jirani yangu Mama Nyambura, mjane wa Kikuyu, aliishi kwa kuwabebea watu maji kwa punda wake. Siku moja nyuki wa Mzee Kirui, Mkipsigis aliyetundika mizinga kando ya kijito, walimuuma punda yule mpaka akafa.

Mama angeweza kushtaki kwa wazee, kwa mzungu barazani kwake, au kwa hakimu Nakuru. Alianza kwa wazee, wote watu wa Kirui.

"Punda gani huyo hajui kukimbia?" mmoja akacheka. Wakaamua apewe debe la asali.

"Wazee wangu, asali haibebi maji," akasema, akikaza leso kiunoni. "Kesho napanda lori la Nakuru. Hata hakimu ana masikio."

Wakatazamana. "Hebu kaa, mama. Tulikuwa hatujamaliza."

Wakaita wazee wa Kikuyu wakae nao. Kabla ya jua kutua, Kirui alikubali kutoa punda wake mwenyewe.

"Mchukue, lakini ni mkaidi."

"Basi tutaelewana," akajibu mama.

Je, ilikuwa hekima ya wazee, au lile lori? Nadhani ni lori, ingawa halikuwasha hata injini.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopigana na Mau Mau na kumshuku kila Mkikuyu. Vikao vya wazee vikakatazwa. Mkikuyu hakupanda gari bila pasi ya kusafiria. Likabaki baraza la mzungu tu. Asubuhi moja mzungu aliamuru Wakikuyu wote waondolewe shambani. Mama Nyambura alipakiwa kwenye lori akiwa na kifurushi kimoja, punda akabaki.

"Nimshtaki nani?" akatuuliza kutoka juu ya lori. "Na wapi?"

Kirui alimshika punda kamba, akasimama naye mpaka lori likapotea. Jioni ile nilifunga mzigo wangu. Njoro sijarudi tena.

Mwanangu, sheria nyingi huchosha, na mjanja hukimbilia inayompendelea. Hilo pia nimeliona. Lakini ukifika ugenini, kabla ya kuuliza sheria zao ni nzuri au mbaya, uliza kwanza: aliyeshindwa hapa anaweza kwenda wapi? Nawe ukipewa kiti cha kuamua, usimzibie mtu njia ya kwenda kwingine. Mungu akujalie masikio ya kusikia, na popote utakapolalamika asikose mtu wa kukujibu.