Maji ya Baraka Mlimani Ngomo

Sabuni ya kipande ikigusa mpira wenye moto hutoa harufu nzito inayoshika kooni. Juzi nilipita mbele ya garaji moja kule Kadutu, harufu hiyo ikanifikia, nami mtu mzima mwenye watoto wangu nikasimama njiani kama mtoto. Acheni niwaambie kwa nini.

Siku moja nikiwa mtoto tulikuwa tunapanda mlima wa Ngomo kurudi kwetu Bukavu. Tulitoka Luberizi kwa nyanya, tulikompeleka mdogo wangu mchanga Nsimire aonwe kabla ya ubatizo wake. Gari lilikuwa la marehemu babu, kuukuu kuliko baba yetu, Papa, mwenyewe. Papa alilipenda mno, hata mama yetu, Maman, akaliita mke mwenzake. Lakini asubuhi ile hakuna aliyetania. Nsimire aliamka na homa kali, mikono yake ikaanza kukakamaa, na hospitali ilikuwa huko juu.

Katikati ya mlima mvuke ulifumka mbele ya kioo. Papa alisimamisha gari, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akafungua boneti. Mpira wa radiateri, unaopitisha maji ya kupoza injini, ulikuwa umepasuka na maji yalikuwa yanachuruzika barabarani. Upande mmoja palikuwa na ukuta wa mawe, upande wa pili korongo nisilothubutu kulitazama.

"Tia maji twende, Papa Sifa!" Maman alilia, akimwita kwa jina langu.

"Nikifungula radiateri sasa itaniunguza uso. Na maji ya baridi itapasula moteri. Tungoye ipowe."

"Mutoto anaungua, we unasema tungoye gari ipowe?"

"Haraka haraka haina baraka," Papa alijibu, lakini midomo yake ilikuwa imekauka. Tangu siku ile methali hiyo siipendi.

Tukangoja. Sijawahi kuogopa vile tena. Niligusa paji la Nsimire, nikagusa boneti, nikaomba vyote viwili vipoe, nikachelea Mungu atanipa kimoja tu. Hatimaye Papa alisugua sabuni juu ya ule ufa mpaka ikauziba, akauzungushia utepe wa mpira wa ndani ya tairi na kuukaza kwa meno. Akamimina maji yote ya bidoni, dumu letu la akiba. Hayakutosha.

Ndipo alipoitazama chupa iliyokuwa mapajani mwa Maman. Yalikuwa maji ya baraka, aliyoyachota parokiani kwetu. Maman alifumba macho, kisha akashuka na kuyamimina mwenyewe. Mimi nilijua tumekwisha. Maji ya Mungu kutiwa ndani ya gari! Nilingoja adhabu, na adhabu niliyoijua ilikuwa moja tu, kwamba Nsimire atachukuliwa.

Chini ya chupa yalibaki maji kidogo, Maman akaifunga.

"Mwanga yote!" Papa alifoka, akitaka ayamwage hadi tone la mwisho.

"Hapana. Iyi inabakia."

Nilimkasirikia. Gari lilipanda likikoroma, ile sabuni ikinuka, nami nikijiuliza kama tutakwama kwa sababu ya maji yale machache anayoyanyima moteri. Maman hakuitazama barabara hata mara moja. Alimtazama Nsimire, kidole gumba kikiwa juu ya kifuniko cha chupa.

Tulifika. Tulikaa sana kwenye benchi kabla daktari hajatoka na kusema mtoto amelala vizuri, atapona. Maman hakupiga kelele wala kucheza. Alitoka hadi uani, akamwambia Papa afungue boneti, akayamimina yale maji yaliyobaki kwenye gari lililokuwa limezimwa na lisilokwenda popote. Papa aliinamisha kichwa. Mimi nilicheka, nikidhani hofu imemvuruga akili.

Nilikuja kuelewa nilipokuwa na kichanga changu mwenyewe, padri alipotufundisha kwamba mtoto anayekata roho anaweza kubatizwa na mtu yeyote, popote, kwa maji kidogo tu. Nikakiona tena kidole gumba cha Maman juu ya kifuniko cha chupa. Nilitoka kanisani kabla hajamaliza, nikaenda moja kwa moja kwa Maman, nikamkumbatia bila kumwambia sababu.