Mkazi wa Hapa

Msimamizi wangu wa shahada ya uzamifu aliamua kwamba maonyesho ya utafiti wangu yafanyike Gatwekera, ndani ya Kibera. Nilimweleza kwamba meza niliyoitengeneza kwa utafiti huo iko Kawangware, kwenye chumba nilichokodi karibu na mafundi wa kuchomelea ninaofanya nao majaribio, na kwamba stima huko haipotei ovyo. "Wageni wa chuo wanataka kuona Kibera," akasema. Gatwekera ndiko nilikozaliwa, na mama bado anaishi huko. Nilikuwa nimemwambia hivyo zaidi ya mara moja.

Juu ya meza yenyewe kuna kamera inayotazama chini. Fundi akipanga vipande vya mbao pale mezani, kompyuta inachora geti au fremu ya dirisha kwenye skrini, na kuonyesha mahali chuma kitapinda kikilemewa. Akisogeza kipande, mchoro nao unasogea. Nilitaka mtu aweze kubuni kitu kwa mikono yake bila kwanza kuhangaika na programu ngumu. Huo ndio utafiti wangu.

Siku ya maonyesho mkokoteni uliniacha na meza barabarani, kule Gatwekera. Meza haikupita kwenye vichochoro, ikabidi niifungue miguu, na hata hivyo kamera ikagonga kona ya mabati. Mama alinisaidia kuibeba hadi kwenye ukumbi wa kanisa. Nikapiga magoti nikaipanga kamera upya huku msimamizi akiongea kwenye simu nje.

Wageni wakaingia, naye akaanza kueleza. Kila kitu kilikuwa "mfumo wetu" na "sisi tuligundua". Halafu akaniwekea mkono begani. "Na huyu ni mkazi wa hapa. Ametusaidia sana."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mgeni mmoja, mama wa makamo, akaniinamia kidogo na kuniuliza polepole, neno moja moja, kama kompyuta ilinitisha mwanzoni. Mpiga picha akaniomba nishike kipande cha mbao. Mkono ukakishika kabla kichwa hakijaamua. Taa ya kamera yake ikawaka. Nikakirudisha mezani.

"Haikunitisha," nikamjibu yule mgeni. "Hii nimetengeneza mimi. Programu niliandika mimi, mbao niliranda mimi. Huyu ni msimamizi wangu."

Msimamizi akacheka. "Ndiyo, ndiyo, yeye pia ni mwanafunzi wetu," akasema, kisha akaendelea pale alipoachia, kana kwamba mtu alikuwa amekohoa tu.

Wageni walipoondoka alinisubiri mlangoni.

"Umeniaibisha."

"Prof, umewaambia mimi ni nani?"

"Nimekusifu. Wanapenda kuona jamii ikishiriki."

"Mimi ni mtafiti."

"Kwani huwezi kuwa vyote viwili?"

Swali lilikuwa zuri, ila aliyeniuliza ndiye aliyekuwa ameninyang'anya kimoja mbele ya watu.

Nilitegemea mama aniunge mkono. Alikuwa amesimama dirishani, amesikia yote. "Si ungenyamaza tu mpaka wakupe hiyo digrii?"

"Mama, ameniita mtu wa kusaidia."

"Nimesikia. Mimi huko kazini wameniita hivyo miaka yote, na mmekula."

Nilibeba miguu ya meza nikatoka. Hasira niliyomwonea siku ile ilipita hata ile ya msimamizi, na ilichukua muda mrefu kabla sijaweza kumpigia simu.

Niliomba kubadilishiwa msimamizi. Idarani wakaniuliza kama nina hakika, wakaniuliza tena, kisha wakaniweka miezi nikisubiri. Katikati ya kungoja huko picha yangu ikabandikwa ukutani karibu na ngazi, na chini yake maneno: mkazi wa Kibera akijaribu teknolojia mpya. Nimeomba itolewe. Wanasema wataangalia. Iko pale pale, na nikipita na wanafunzi ninaowafundisha, wanaitazama, kisha wananitazama mimi.

Hatimaye nikapewa msimamizi mwingine. Alikuja Kawangware mwenyewe, akaizunguka meza taratibu, akachukua kipande kimoja na kukipima uzito mkononi.

"Hii ni mbao gani?"

"Unadhani sijui?" nikamrukia.

Akanitazama, ameduwaa. Alitaka tu kujua aina ya mbao.

"Ni saipresi," nikasema. Akavuta kiti akaketi, nami nikawasha kompyuta.