Mguu wa Bi Mwanahamisi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungwa ubao nyuma ya goti, nikaambiwa nitembee hivyo hivyo mpaka saa ya chai. Hiyo ilikuwa karakana ya miguu ya bandia, Changamwe, mwanzoni mwa miaka ya sitini. Msimamizi wetu, mtu wa bara, mrefu, asiyejua kucheka, alisimama mlangoni akinitazama ninavyoyumba.

"Umechoka?"

"Nimechoka, bwana."

"Hao utakaowahudumia hawafunguliwi saa ya chai. Haya, kachukue randa."

Nyinyi vijana mna mashine. Sisi tulikizungushia plasta kigutu, ile sehemu ya mguu iliyobaki, tukapata umbo lake, kisha tukachonga mti kulifuata. Pale kigutu kinapoingia tulipaita kikombe. Kikombe kikibana, mtu anatoka malengelenge, kikipwaya, anaanguka. Halafu kuna mizani, yaani namna mguu unavyosimama juu ya wayo wake. Hapo ndipo nilipokaripiwa miaka na miaka.

Baadaye nikahamishiwa Likoni, kwenye chumba kidogo cha zahanati, ili watu wa kusini wasihangaike na magongo kivukoni. Msimamizi alikuja kila juma kunikagua. Huko ndiko nilikomjua Bi Mwanahamisi wa Mtongwe. Sukari ilikuwa imemlia mguu mmoja chini ya goti. Yeye ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa wanawake mtaani kwao, kazi aliyoirithi kwa mamake, isiyo na ujira ila thawabu.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi sitaki mguu wa kuendea harusini. Wenzangu wanakufa, nami nimekaa kitini naelekeza watu kwa kidole. Hebu nisimamishe."

Mguu ukatoka mzuri. Akatembea chumbani na viatu vyake vipya, sote tukapiga makofi. Juma halijaisha, bintiye Zuhura akaja amefura.

"Fundi, mama anaanguka kila siku! Mguu wako ameutupa uvunguni. Ameshawaambia watu watafute mwosha mwingine."

Wallahi, roho iliniuma. Kikombe nilikuwa nimekipima vizuri, na mizani pia. Msimamizi alipokuja nikamweleza, akakunja uso.

"Anaangukia wapi?"

"Nyumbani kwake."

"Basi twende nyumbani kwake."

Tukapiga hodi Mtongwe. Bi Mwanahamisi, amekaa ndani, akatuitikia kwa upole, "Karibuni, lakini mkitoka mtoke na mguu wenu."

Msimamizi alikuwa ameshavua kiatu kimoja pale kizingitini. Akaganda, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

"Mama," akauliza, "nawe ukiingia ndani unavua?"

"Ala! Niingie kwangu na viatu? Na maiti nimwoshe na viatu?"

Lo! Mizani tulikuwa tumeipima na kiatu chenye kisigino. Kiatu kikivuliwa, mguu wote unalala nyuma na kumwangusha mtu chali. Michoro tuliyofundishiwa ilitoka kwa watu wanaoingia na viatu mpaka chumbani. Msimamizi akacheka siku hiyo, akakaa chini mkekani, akacheka mpaka akajifuta machozi.

Nikauchonga wayo upya kwa mtu wa kutembea pekupeku, nikaupaka rangi ya kuzuia maji, chini nikaupigilia mpira wa tairi asiteleze. Bi Mwanahamisi akarudi kuosha wenzake, na Zuhura akawa anamshikia maji. Nami tangu hapo kila niliyempima nilimuuliza kwanza viatu anavivua wapi. Vijana niliowafundisha wanauliza hivyo hivyo hadi leo, na wengi hawajui swali lilitoka kwa nani.

Nilistaafu katikati ya miaka ya tisini, nikarudi kwangu Mikindani, vyumba viwili na karo la kuogea. Majirani waliuliza nimechuma nini muda wote ule. Kwa kweli hata mimi nilikuwa nikijiuliza.

Siku moja Zuhura akaja na kitu amekifunga kwa leso.

"Shikamoo, fundi. Mama ametutoka. Nimemwosha mwenyewe. Aliniusia nikurudishie mguu, ati huenda yuko mwingine anaungoja."

Nikaupindua nione kama utatengenezeka. Mpira wa tairi ulikuwa umelika wote, na mti wenyewe umelika nusu ya unene wake. Machozi yakanitoka, sikuyaficha.

"Huu haumfai mtu tena, mwanangu," nikamwambia. "Mama yako ameumaliza."