Ua la Sun-rye Lililowanyima Watu Kashata

Saa kumi na mbili asubuhi, Pyo Sun-rye ameketi sakafuni, goti moja juu, akifunga boksi la kashata za mchele kwa kitambaa cha hariri. Vidole vinavuta, vinapinda, vinachambua ncha, na ua linachanua juu ya kifuniko. Kisha ananing'iniza kwenye ua hilo kipande kimoja cha kashata, ndani ya kifuko kinachoonyesha.

Mumewe, Nam Gil-su, tarishi mstaafu, anaruka maboksi kwenda jikoni.

"Mama Hanbyeol, leo nitalala wapi?"

"Ulipolala jana."

"Jana nililala nimekaa!"

Sebule hii mjini Sangju, Korea Kusini, ndiyo kiwanda, ghala na ofisi. Sun-rye, mwenye miaka hamsini na minane, alianza baada ya harusi ya binti yao, Hanbyeol. Boksi alilowapelekea wakwe wa binti lilizua gumzo, majirani wakaagiza, naye akavimba kichwa. Akaacha kazi ya kuosha vyombo katika mgahawa wa supu wa wifi yake, huko Daegu.

Wifi hakumung'unya maneno. "Nakushikia nafasi mpaka sikukuu ya mavuno, Chuseok, watu wanapopeana zawadi. Ukishindwa, karai linakusubiri."

"Ningefunga hata upepo niuuze, kuliko kurudi kwenye lile karai," anasema Sun-rye.

Mwanzoni wateja walimiminika. Lakini aliyenunua mara moja hakurudi tena. Boksi ni won elfu thelathini. Mwezi mzuri alibakiwa na laki tatu hivi. Mwezi mbaya, anasema, alibakiwa na kashata.

Ndipo alipoomba msaada kwa washauri wa wafanyabiashara wadogo, wakamletea Gwak Do-hun, kijana mpole aliyevua viatu mlangoni na kumwinamia.

"Aliponiita Bosi, niligeuka nione nani kaingia," anakumbuka.

Gwak alimwambia awapigie wateja wake wote simu, naye Gwak akakaa kando akasikiliza.

"Lile ua, wee! Mkono wako una baraka."

"Na kashata je?"

"Ua lile, dada, sijaona mfano wake!"

Simu zilipokwisha, Gwak alijikuna shingo. "Bosi, unisamehe kwa utovu wa adabu. Hivi kuna mtu aliyewahi kuzila?"

Jibu lilikuja na miguu yake wiki hiyohiyo. Tarishi mwenzake Gil-su alikuja kuwasalimu, akatoa zawadi kwa mikono miwili. Lilikuwa boksi la Sun-rye mwenyewe, na ua lake halijaguswa. Walishukuru na kuliweka kando, maana zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeileta. Mgeni alipoondoka, wakafungua. Kashata zilikuwa ngumu kama vigae.

Uchunguzi ulifanyika kwa simu. Mfamasia alilinunua, akampa kiongozi wa kwaya. Kiongozi wa kwaya akampa daktari wa meno, na daktari akampa tarishi. Kila mmoja aliona ni dhambi kulifumua ua zuri namna ile.

"Lilizunguka mji mzima likakumbuka nyumbani, kitu ambacho watoto wangu hawafanyi," anasema Sun-rye. "Nikacheka. Halafu nikalia, kwa sababu Chuseok ilikuwa inakaribia."

Gwak aliposimuliwa, masikio yalimwiva. Mama yake alikuwa na boksi moja juu ya friji.

"Anamtunzia baba mkwe wangu."

"Kumbe una mchumba!" Gil-su akashangilia.

"Bado."

Ushauri wake wa kwanza ulikuwa kufunga kwa karatasi ya kawaida.

"Mwalimu, mama yako ungemvika gunia ili watu wasimtazame?" Sun-rye akang'aka.

Gwak akaomba basi angalau kipande kimoja kining'inizwe nje, watu waonje. Sun-rye akakining'iniza huku amenuna, wakaanza kubishana kama kinaharibu ua. Katikati ya mabishano wakasikia kitu kinavunjika. Gil-su alikuwa anatafuna.

"Mzee wewe! Sasa boksi hili nitampa nani? Kila mtu ataona limeshaguswa!"

Gwak akaweka kikombe chini taratibu. "Bosi, hebu rudia ulichosema."

Tangu siku hiyo kila boksi linatoka na kipande chake. Anayelipokea hujizuia siku moja, ya pili mkono unamponyoka. Akishakila, boksi halimfai tena kumpa mtu, na mwonja asali haonji mara moja.

Hata hivyo, wiki nzima simu haikulia. Wifi alishauliza mara mbili kama atarudi. Kisha akapiga simu bibi mmoja, mkali kama pilipili.

"Wewe! Shira yako imening'oa meno ya bandia!"

Hayo yalikuwa malalamiko ya kwanza maishani mwake kuhusu kashata. Sun-rye alisimama akaiinamia simu, machozi yakimlengalenga, tabasamu limefika masikioni.

"Nisamehe sana, mama. Kwa hiyo umezila?"

"Zote! Niletee maboksi mawili mengine, ya kashata laini."

"Unampelekea nani, niandike jina?"

"Nani kakwambia nampelekea mtu? Nakula mwenyewe!"

Leo, wiki tatu kabla ya Chuseok, ana oda za maboksi mia moja na ishirini. Anapanga kutengeneza kashata laini kwa ajili ya wazee, na kukodi kibanda cha kinyozi kilichofungwa pale kona. Lakini siku ile alikuwa na oda moja tu, ya yule bibi, alipompigia wifi yake.

"Wifi, tafuta mwosha vyombo mwingine."

"Ehe! Kwani umeuza mangapi?"

"Mawili."

"Mawili tu?"

"Haya yataliwa, wifi."