Jiwe la Kona ya Marangu

Baba yangu, Aristides, aliendesha lori miaka ishirini na sita, na sheria zake za kusimama njiani nilizijua kabla ya sala ya Baba Yetu. Toa magurudumu yote nje ya lami. Weka matawi ya majani hatua hamsini nyuma, hamsini mbele. Kinga tairi kwa jiwe. Ukiondoka, okota vyote. Dereva aliyeacha jiwe barabarani alimwita muuaji, na alimtangaza hadi kanisani.

Mwaka 1993 alikuwa akishusha ndizi kutoka Marangu kwenda Holili. Mama, Mektrida, alibaki nyuma kumalizia mikungu iliyobaki, aje na pikapu ya akina mama wa soko. Kwenye kona moja ya mteremko tairi likapata pancha. Baba alifuata sheria zote. Akiwa anafunga nati za mwisho mvua ikamwagika, ukungu ukashuka. Akaokota matawi mbio mbio, akaondoka.

Alipoegesha njiani, sokoni Himo, akainama kutafuta jiwe la kukinga tairi. Hapo ndipo alipokumbuka lile la kwanza, kubwa kama chungu cha pombe ya mbege, limebaki juu ya lami. Na mama, kwa kuwa hutapika akikaa ndani, hukaa ukingoni mwa bodi ya pikapu.

Kugeuza lori sokoni haikuwezekana. Akapanda mlima kwa miguu, anakimbia, anaanguka, anakimbia tena. Ameniambia kila aliposikia mlio wa injini aliongeza mbio. Aliogopa kufika, na aliogopa kuchelewa.

Alikuta pikapu imesimama. Mbele yake, katikati ya barabara, bibi mmoja wa mgombani alikuwa ameinua isale, lile jani tunalopanda mipakani na kulibeba tunapokwenda kuomba msamaha. Jiwe lilimshinda kulisogeza, basi alisimama mbele yake mvuani.

Mama alikuwa bado ukingoni, amelowa, hasira zimempanda. “Mume wangu, njoo uone. Mpumbavu gani kaacha jiwe hili?”

“Watu hawana akili,” baba akajibu, akalibeba jiwe mpaka mtaroni.

Bibi aliitazama mikono ya baba iliyojaa grisi.

“Shikamoo, bibi,” baba alisema.

“Marahaba. Shika hili.” Akampa isale. “Utajua wa kumpelekea.”

Baba alilipanda nyuma ya jiko. Sasa ni kichaka, kinaziba njia ya zizini, na kila mwaka mama huomba kikatwe. Baba hukataa bila kutoa sababu. Kisa hiki alinisimulia mimi, mwezi uliopita, kwa sauti ya chini kama mwizi. Mimi sina subira na watu wazima wanaojificha. Nikamwambia avunje jani moja tu ampelekee mama, yuko jikoni, ni hatua kumi.

Alifika mlangoni, akarudi. Jani alikuwa bado nalo mkononi. Akasema siku ile barabarani hakuogopa hivi.