Mlinzi wa Geti na Kitabu Chake

Mlinzi wa geti la hospitali ana mazoea yake: ukipandisha sauti, yeye huishusha yake, na kabla ya kusema na mwenye hasira huliweka rungu chini ya kiti, polepole, kama anayelaza mtoto. Ndivyo alivyofanya asubuhi, Lynnet alipofika kutoka Kosele na mtoto anachemka homa mgongoni. Mlinzi alikuwa amemwambia azungukie geti la pili; Lynnet akamkwida shati na kumtukana mbele ya watu. "Pole, mama," mlinzi alisema, akafungua.

Saa sita, homa ikiwa imeshuka, Lynnet alimkuta mlinzi ameinamia kitabu cha matukio, vidole vyake vinene vikichora herufi moja moja. Huwa hakifungi kabla ya kumsomea mhusika. Lynnet akangoja kusikia neno fujo.

"Mama amenishika shati," mlinzi alisoma. "Mtoto alikuwa na homa kali. Ningefungua kwanza, niulize baadaye. Kosa ni langu." Akainua macho. "Ni hivyo, mama?"

"Bado," Lynnet alisema. "Andika pia, mama ameshukuru."

Mlinzi akatazama saa yake, akaandika shukrani hiyo, pamoja na saa na dakika zake.